Kituo Nairobi, Nyumba Mombasa: Rubani Ataishi kwa Raha?

SWALI

Kapteni, shikamoo. Mimi ni muuguzi, tunakaa Tudor, Mombasa, na watoto wawili, mmoja darasa la pili na mwingine chekechea. Mama mkwe yuko Mji wa Kale, magoti yanamsumbua na sisi ndio tunaomtazama. Mume wangu amerusha ndege ndogo za watalii kwa miaka sita. Asubuhi anatoka uwanja wa ndege wa Moi au wa Ukunda kwenda Mara, jioni yuko nyumbani. Mwezi uliopita amepata kazi aliyokuwa akiiombea dua siku zote, rubani msaidizi wa ndege kubwa, lakini kituo chake ni Nairobi. Anasema hakuna haja ya kuhama, Nairobi ni saa moja tu kwa ndege, atakuwa akienda na kurudi. Kaka yangu anasema tuhame sote, ndoa ya mbali si ndoa. Mimi sitaki kuacha kazi wala kumwacha mama. Wewe umeishi maisha hayo. Niambie ukweli: watu huishi hivi kwa raha, au huvumilia tu?

Mke wa Rubani, Tudor

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mumeo hongera zangu. Kutoka ndege ndogo hadi ndege kubwa ni hatua ambayo vijana wengi wenye leseni wanaisubiri mpaka wanakata tamaa.

Niliishi hivyo miaka 14. Nyumba ilikuwa Mombasa, kituo JKIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi. Hatukuhama kwa sababu mke wangu alikuwa na duka la leso pale Biashara Street, aliloachiwa na mamake, na wateja wake wa miaka yote wasingemfuata Nairobi. Kwa hiyo ndiyo, watu huishi hivi kwa raha. Sisi miaka kumi ya mwisho tuliishi kwa raha kweli. Lakini ile minne ya mwanzo tuliishi vibaya, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilipiga hesabu hiyo hiyo anayoipiga mumeo: saa moja.

Saa moja ni ya ndege. Hujahesabu kutoka Tudor, kupita Makupa na kukwama Changamwe nyuma ya malori ya bandarini. Hujahesabu kungoja pale uwanjani. Mumeo atasafiri kwa tiketi ya mfanyakazi, na tiketi hiyo hukupa ruhusa ya kungoja tu, kiti unapata abiria waliolipa wakishakaa. Pengine kapteni wa ndege atampa kile kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani, na pengine kuna mwenzake kazini aliyemtangulia kukiomba. Machi atapanda ndege ya kwanza anayoikuta. Desemba, Mombasa ikijaa wageni, ataachwa na ndege tatu mfululizo, na amevaa sare.

Basi acheni kuhesabu saa, hesabuni usiku. Kaeni na karatasi. Tuseme rosta yake ni siku nne kazini, Jumatatu hadi Alhamisi, na siku tatu za mapumziko. Kama Jumatatu anatakiwa kuripoti saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumapili lazima alale Nairobi. Kama Alhamisi anamaliza saa nne usiku, hawezi kurudi, atalala Nairobi tena. Siku tatu za mapumziko zimekuwa Ijumaa na Jumamosi, usiku mbili kwenye kitanda chake. Kwa wiki nne ni usiku 8. Sasa chukua kazi hiyo hiyo, ila Jumatatu aanze mchana na Alhamisi amalize alasiri. Alhamisi jioni yuko nyumbani, na hatoki mpaka Jumatatu asubuhi. Usiku nne kwa wiki, 16 kwa wiki nne. Mshahara ni ule ule na kampuni ni ile ile, lakini ni nyumba mbili tofauti kabisa. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano aliacha kuuliza baba anarudi lini, akawa anamuuliza mamake, "Leo baba analala?" Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu.

Tatizo ni kwamba mtu mpya hachagui. Katika mashirika mengi wenye miaka mingi kazini ndio wanaotangulia kuomba safari wanazozitaka, na kinachobaki kinashuka chini kwa wageni. Kinachobaki mara nyingi ni stendibai. Hapo ndipo nataka usome polepole, kwa sababu stendibai ndiyo inayowavunja watu wa kwenda na kurudi. Siku ya stendibai rubani hana safari, lakini akipigiwa simu anatakiwa afike uwanjani kwa muda mfupi, saa moja, labda mbili. Kutoka Tudor haiwezekani. Kwa hiyo mumeo atakaa Nairobi siku nne, simu mkononi, huenda isilie hata mara moja, na usiku atakuambia hakufanya kazi yoyote leo. Wewe huku mtoto ana homa na umetoka zamu ya usiku. Ugomvi wetu mkubwa na mke wangu ulitokea siku kama hiyo. Aliniambia, "Kama hukufanya kazi, kwa nini hukuwa nyumbani?" Sikuwa na jibu la maana la kumpa.

Jambo la pili ni usingizi, na hapa sitasema kwa upole. Sheria huhesabu saa za mapumziko kati ya zamu moja na nyingine. Haiulizi umezipumzikia wapi. Saa utakazokaa kwenye treni au kwenye benchi la uwanja wa ndege ukingoja kiti, kwenye karatasi zimeandikwa kuwa umelala.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya abiria aina ya Q400 ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikielekea kutua. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Kituo cha marubani wale kilikuwa Newark. Kapteni alikuwa mkazi wa Florida, na usiku wa kuamkia safari aliupitisha kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi uwanjani. Rubani msaidizi alikuwa akikaa upande wa Seattle, mwisho mwingine wa nchi. Alisafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo, akafika Newark asubuhi, na siku hiyo hiyo akaingia kazini. Wachunguzi walisema sababu kuu ni namna kapteni alivyoishughulikia ndege ilipomwonya kwamba inapoteza mwendo. Walisema pia kwamba wote wawili walikuwa na uchovu, ingawa hawakuweza kupima uchovu huo ulichangia kiasi gani. Marekani ikabadilisha sheria, na tangu 2014 rubani wa ndege za abiria lazima apewe saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake saa 8 za kuweza kulala bila kusumbuliwa. Lakini safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni ilibaki mikononi mwa rubani mwenyewe. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa mumeo.

Nami nina yangu. Miaka ya mwisho ya kazi, mpwa wangu alikuwa na harusi Mji wa Kale. Ningeweza kuondoka kwa treni ya SGR ya alasiri nikawa Syokimau, karibu na JKIA, kabla ya saa tatu usiku. Sikutaka kukosa biriani nikiwa mjomba wa bibi harusi. Nikategemea ndege ya jioni, ikajaa. Nikakimbilia Miritini kwenye treni ya saa nne usiku, nikakaa kitini taa zinawaka, nikashuka Syokimau kabla ya saa kumi alfajiri, nikanyoa kwenye choo cha uwanjani na kuripoti. Tukishuka kuelekea Kisumu, ziwa limeanza kung'aa upande wa kushoto, nilikuwa macho kabisa. Mkono uko kwenye mitambo, namba naziona. Rubani msaidizi wangu, binti mdogo tu, akasema kwa sauti ya chini, "Kapteni, mnara umetuita mara mbili." Sikuwa nimesikia hata moja. Nilimwachia yeye atue. Tuliporudi Nairobi nikasema siwezi kuendelea na zamu, nikaandika ripoti yangu mwenyewe. Abiria wa asubuhi ile hawajui lolote, na mimi sijaisahau siku hiyo hadi leo.

Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu unakuwa chini kabisa, uwe rubani au muuguzi. Wewe wa zamu za usiku unalijua hili kuliko wasomaji wengine. Na mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na macho yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Mumeo asingepanda ndege amekunywa.

Kwa hiyo asafiri jana yake. Akiwa na zamu ya alfajiri au ya asubuhi, aende siku iliyotangulia, na asiiwekee matumaini ndege ya mwisho. Ahakikishe kuna nyingine mbili nyuma ya hiyo anayoitaka, au treni ya alasiri. Basi la usiku nakukataza umruhusu, barabara ile ya Mariakani, Voi na Mtito Andei imejaa malori usiku kucha, hata akifika salama hajalala. Waingereza kwa miaka mingi walikuwa na mwongozo unaosema kwamba kama safari ya kutoka nyumbani hadi kituoni huzidi saa moja na nusu, rubani atafute malazi ya muda karibu na kituo. Kutoka mlangoni kwako Tudor hadi mlango wa wafanyakazi JKIA mmeshaipita hiyo hata siku ambayo mambo yote yamenyooka.

Chumba, basi. Mwanzo nilikaa South C na marubani wenzangu wawili ili tugawane kodi. Watu wazuri, lakini mmoja anarudi saa tisa usiku anapasha chai, mwingine anaamka saa kumi anapiga pasi shati. Nikahamia chumba kimoja Syokimau, peke yangu. Nilishona mapazia mawili, moja juu ya jingine, kwa kitambaa kizito cheusi alichonichagulia mke wangu dukani kwa jirani yake. Nikaweka birika, godoro zuri, mashati matatu ya sare na kopo la mahamri makavu ambalo lilikuwa likijazwa kila safari. Kodi ile iliniuma mpaka nilipoanza kuiandika kwenye daftari kama nauli. Mkae muone kama mshahara wake mpya unabeba nyumba ya Tudor na chumba hicho. Kama haubebi, mpango wa kwenda na kurudi hauwezekani kwa sasa, na ni bora mjue leo.

Sasa nyumbani. Mke wangu aliweka sheria mbili, na naamini ndizo zilizotuokoa. Siku ya kwanza ya kurudi sipewi bili, sipewi kesi ya mtoto, nalala. Na mimi siku hiyo sigusi utaratibu wa nyumba. Miaka ile mibaya nilikuwa nikiingia naanza kuuliza kwa nini televisheni inawashwa kabla ya masomo, kana kwamba watu hawakuwa wakiishi nilipokuwa sipo. Nyumba inaendeshwa na aliyepo. Kuanzia asubuhi ya siku ya pili nilikuwa baba kamili, nawapeleka shule, nakwenda sokoni Marikiti, nampeleka mama mkwe hospitali. Nyinyi mna mama wa kutazama, kwa hiyo miadi yake ya daktari ipangwe siku hizo za pili na tatu, mumeo ndiye ampeleke, si wewe kila mara.

Kaka yako anakupenda, lakini mkihama sote mtakuwa na mume anayelala nyumbani, muuguzi asiye na kazi, na bibi aliye peke yake Mji wa Kale. Mimi ningekushauri hivi: msihame, ila mwaka huu wa kwanza mkubali kwamba mumeo anakaa Nairobi na kuwatembelea, msijidanganye kwamba anakaa Mombasa na kwenda kazini. Stendibai ikipungua, mambo yatageuka yenyewe.

Kabla hajasaini chochote, amuulize mkuu wa marubani mambo mawili: wapya hukaa kwenye stendibai muda gani, na rosta hutoka siku ngapi kabla ya mwezi kuanza. Rosta ya kwanza ikitoka, chukueni kalamu nyekundu mzungushe kila usiku atakaolala Tudor. Niandikie idadi yake.