Mbona muuguzi anauliza kama polisi?

SWALI: Jambo Muuguzi. Juma lililopita mdogo wangu alianguka na moto, yaani pikipiki, karibu na Signers. Hospitalini walimshona, kisha wakaleta karatasi: ulianguka wapi, saa ngapi, uligongana na nini, ulivaa kaske (kofia ya pikipiki), ulikunywa pombe? Nikamwambia asijibu. Karatasi ikifika kwa polisi na moto ikakamatwa, tutakula nini?
Dada mkubwa, Majengo, Goma

JIBU: Jambo dada. Hofu yako naielewa, lakini karatasi ile si ya polisi. Kifungu cha 73 cha sheria ya jinai ya Kongo kinaniadhibu nikitoa siri ya mgonjwa, isipokuwa nikiitwa kushuhudia mahakamani au sheria yenyewe ikinilazimisha kuitoa.

Fungua rejista zetu za zamani uone: «mguu wa kushoto, umevunjika». Basi. Aliyeanguka na chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), aliyegongwa na Fuso pale Birere, fundi aliyeteleza juu ya nyumba, wote wameandikwa vilevile. Mwisho wa mwezi zoni ya afya inapelekewa hesabu ya mifupa, bila kujua kama kibovu ni barabara au ngazi ya fundi. Ndiyo maana tunauliza. Katika orodha ya magonjwa ya kimataifa, ICD-10, dereva wa moto na abiria wake wana namba zao, V20 hadi V29. Mtembea kwa miguu ana V01 hadi V09. Bila jibu la mdogo wako siwezi kuchagua namba.

Na haihitaji kompyuta. Kampala, Uganda, kwenye hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walianza rejista ya majeraha kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Uzito wa jeraha waliupima kwa umri, presha, pumzi, fahamu na idadi ya majeraha makubwa, vitu ambavyo hata sisi tunavipata kwa mashine ya presha, saa na macho.

Kinachonikera mimi ni usiku. Anayeletwa hajitambui, hana ndugu, muuguzi yuko peke yake: huyo ndiye karatasi yake inabaki nyeupe. Aliyekwenda kwa muunga mifupa hatumwoni kabisa. Kwa hiyo hesabu zetu zinawajua zaidi wenye majeraha madogo.

Mdogo wako akija kutolewa nyuzi, aombe karatasi ijazwe. Kama hakuvaa kaske, aseme hakuvaa. Hatumfukuzi mtu kwa hilo.