Mwalimu wa mwanao na bodi ya shule

Dada, umeuliza kama mjumbe wa bodi ya shule hapo Dallas anaweza kumhamisha mwalimu wa mwanao. Peke yake hawezi. Wajumbe wako 9, kila mmoja huchaguliwa na wakazi wa eneo lake kwa miaka 3, na nguvu yao ni kura wakiwa kikaoni: kupitisha bajeti na sera, kumwajiri msimamizi mkuu wa shule zote. Walimu wako chini ya huyo msimamizi. Kwa hiyo anza na mwalimu mkuu, kwa maandishi. Omba mkalimani, shule ndiyo inayomlipa. Mtoto asitafsiri kesi yake mwenyewe, jamani! Ukikwama, jiandikishe kuzungumza kwenye kikao cha bodi. Dakika ni chache, shika hoja moja tu.