Niende Marekani au nimalize uzamifu kwanza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa Kiswahili, naishi Maseno na mke wangu na watoto wawili wadogo. Nimejisajili kwa uzamifu (PhD), ila pendekezo langu la utafiti, kuhusu wauzaji wa soko la Kibuye, Kisumu, wanavyochanganya Kiswahili na Kijaluo, bado halijapita idarani. Nafikiria kuomba nafasi ya walimu wa lugha ya Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, nikafundishe Kiswahili Marekani mwaka mmoja wa masomo. Rafiki aliye Ujerumani naye ananiambia kuna ziara fupi za kufundisha chini ya Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya. Wenzangu wanasema nisipotoka nje sitapanda cheo. Mke wangu hasemi kitu. Nifanyeje? – Mhadhiri, Maseno

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wenzako wamekuambia nusu. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itoe vigezo vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri mwaka 2014, kinachotazamwa kwanza kwa mtu wa fani yetu ni uzamifu, kisha machapisho. Muhuri wa pasipoti haujazi pengo hilo.

Basi jiulize safari itaisogeza vipi tasnifu. Data yako iko Kibuye siku ya Jumapili, katikati ya wauza mitumba. Marekani utafundisha maamkizi kwa wanaoanza, utasahihisha, na utasoma angalau kozi mbili kila muhula bila kupewa shahada. Si kazi ya kudharau: kumweleza mgeni ngeli kunakufundisha sarufi ambayo hapa tunaitumia bila kufikiri. Ungekuwa umeshakusanya data ningekwambia nenda kesho, uchague kozi za isimujamii na uandike usiku. Lakini pendekezo lenyewe halijapita! Na anayekunong'onezea kwamba ukifika utatafuta njia ya kubaki, mpuuze. Viza ya Fulbright ni J-1, ya wageni wa mabadilishano, na kwa ufadhili huo sharti urudi ukae nyumbani miaka miwili kabla ya kupata viza ya kazi au ukaazi wa kudumu kule.

Sasa pesa, maana barua yako imezikwepa. Ukipewa likizo bila malipo, mshahara unasimama. Kama una mkopo wa Sacco, makato nayo yanasimama, na Sacco haitakufuata Marekani. Itawakata wadhamini wako, wale wale mnaokunywa nao chai idarani. Mimi niliwahi kumdhamini mwenzangu aliyesafiri hivyo, nikakatwa mpaka karo ya mwanangu ikachelewa. Hadi leo tukikutana tunasalimiana kwa mbali. Kabla ya kujaza fomu yoyote, nenda Sacco uulize salio na uwaambie wadhamini ana kwa ana. Usitegemee posho ya kule ilipe deni la huku, kwani hupangwa kwa mtu mmoja kujikimu.

Kwa sasa ningeshika njia ya Ujerumani. Ziara ya kufundisha ya Erasmus+ kwa mtu anayetoka huku huwa ya siku 5 hadi miezi 2, na saa za kufundisha zisizopungua 8 kwa wiki. Ukiipanga wakati wa likizo ndefu, hukosi mshahara wala darasa. Ila rafiki yako hawezi kukuahidi kitu peke yake: lazima vyuo viwili viwe na mkataba. Uliza ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chako kama upo. Ukialikwa, omba mapema nafasi ya kuwasilisha sura moja mbele ya idara yao, na mtu mmoja atakayeisoma rasimu. Usiporudi na maoni yaliyoandikwa pembeni mwa kurasa zako, utakuwa umetembea tu.

Fulbright hutangazwa kila mwaka. Iombe pendekezo likishapita na daftari la Kibuye likishajaa. Mkeo je? Anasubiri kuulizwa. Mwonyeshe karatasi ya Sacco kabla ya fomu ya Marekani, kisha umwache aseme nani atabaki na watoto.