Kivuko kilizama au kilipinduka?

Swali: Katika habari za MV Nyerere, wengine waliandika kivuko "kilizama", wengine "kilipinduka". Je, ni mamoja? Na "kwenda mrama" inaingia wapi?

Jibu: Si mamoja. Kuzama ni kwenda chini ya maji. Kupinduka ni cha chini kuja juu. MV Nyerere ilipopata ajali karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, picha zilionyesha tumbo la kivuko likiwa juu ya maji. Siku mbili baadaye fundi mmoja aliokolewa humo ndani akiwa hai. Basi andika kivuko kilipinduka. Abiria ndio waliokufa maji.

Nasisitiza kwa sababu kinachozamisha chombo si kile kinachokipindua. Chombo huzama kikijaa maji au kikizidiwa na mzigo. Hupinduka uzito ukikaa juu mno au ukielemea upande mmoja. Kikilala kidogo, ule upande ulioinama huingia zaidi majini, na maji huusukuma juu mpaka kisimame tena. Lakini watu wakikimbilia ubavu mmoja, uzito hupita pale maji yanaposukuma, na hapo hakirudi.

Kwenda mrama ni kulala huku, kurudi, kisha kulala kule. Abiria watatapika, ila chombo bado kinajirudi. Tunasema pia mipango imekwenda mrama, yaani imeharibika, na maana hiyo imekwisha kukubalika. Katika habari ya ajali ya majini, hata hivyo, "meli ilikwenda mrama" haimwambii msomaji kwamba meli imepinduka.

Neno jingine ninalotamani waandishi walitumie ni farumi. Jahazi likikosa shehena, mabaharia hutia mawe au mchanga ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo, ili uzito ukae chini na chombo kisiyumbe. Hiyo ndiyo farumi. Meli kubwa za leo hujaza maji katika matangi ya chini kwa kazi hiyohiyo, na sioni kwa nini tuyaite "maji ya balasti" ilhali neno tunalo: maji ya farumi. Sema "wametia farumi", "wametoa farumi", "meli haikuwa na farumi ya kutosha".