Mlevi anakoroma mahabusu: amelala au amezimia?

SWALI: Daktari, mimi ni koplo, nashika zamu za usiku kituoni. Wakiletwa walevi tunawapekua na kuwaacha walale hadi pombe iishe. Mwenzangu hupita kila saa kuchungulia. Nitajuaje kwamba huyu amelala tu na yule anakufa?

JIBU: Afande, kwa kuchungulia hutajua. Aliyelala na aliyezimia wanafanana, na wote wawili hukoroma. Mkoromo mzito wa kukwamakwama ndio unaonitisha zaidi, maana huenda ulimi umerudi nyuma na kubana njia ya hewa.

Polisi wa England na Wales wameandikiwa utaratibu usiohitaji hata shilingi: mlevi huamshwa angalau kila nusu saa. Kumulika tochi dirishani si kumwamsha. Ingia, mwite, mtikise bega. Muulize: unaitwa nani, unaishi wapi, hapa ni wapi? Kisha mwamuru afumbue macho, ainue mkono mmoja, halafu wa pili. Akishindwa, huyo ni mgonjwa. Mlaze ubavu, apelekwe hospitali; PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ijazwe gari likiwa njiani.

Nusu saa si kuonea watu usingizi. Gongo aliyoibugia kabla tu ya kukamatwa bado inaingia kwenye damu, kwa hiyo aliyekujibu saa nne usiku anaweza asijibu saa tano. Aliyegongwa kichwa naye huweza kutembea vizuri hadi kaunta, akaongea, kumbe damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Ukikuta mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, usingoje duru inayofuata.

Wengine hawajalewa kabisa. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka huyumba, hutukana, hata hupigana. Mashine ya kupima sukari itakwambia kwa tone moja la damu: ikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), mpe soda yenye sukari kama anaweza kumeza; kama hawezi, usimtie kitu mdomoni. Na mnapomvua mkanda na kuchukua simu, ulizeni dawa. Insulini, vidonge vya kifafa na pampu ya pumu visifungiwe kabatini mwenyewe akiteseka.

Mlevi wa kila siku ana hatari yake: akikosa pombe, degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, wakati ninyi mnaona ameshapata nafuu. Jasho na mikono kutetemeka hutangulia.

Kitabuni usiandike "hali shwari". Andika saa, na maneno aliyokujibu.