Mwanangu, kuhusu kitabu cha mjombaako

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku Wete hatujambo, tunakuombea dua wewe na wenzio huko Dar.

Ijumaa ulipopiga simu ulikuwa umeshapandwa na hasira, ndiyo maana sikukujibu. Ulisema paa la mjombaako linavuja, kapata pesa ya karafuu, na badala ya kununua mabati kazipeleka kwa wapiga chapa Unguja. Ukaniuliza, "Mama, hivi mtu huandika kitabu akakitoa kwa sababu gani hasa, na hakuna aliyemuomba?" Umeuliza la haki, nami nimelifikiri tangu siku ile.

Pesa si sababu. Mwandishi anayechukuliwa na kampuni ya uchapishaji hulipwa mrabaha, fungu dogo la kila nakala inayouzwa, na mjombaako hata huko hakufika: analipa mwenyewe, kisha atazitembeza nakala zake skuli kwa skuli. Jina, labda. Wapo wanaoandika ili watajwe, na kama kazi yenyewe ni nzuri mimi sina neno nao. Lakini mjombaako simuoni huko. Ninachokiona kwake ni kwamba amechoka kusemewa.

Lile daftari alimokiandika kitabu chake nimelisoma lote. Ana ukurasa mzima juu ya kuanika: karafuu zikishachambuliwa, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, yakawekwa mbali, zinatandazwa jamvini, na mtu habanduki hapo, maana wingu likipanda tu ni kuzizoa mbio. Zikirowa zinavunda, na bei imekwenda. Ameeleza zinavyojulikana kuwa zimekauka: unaichukua moja unaivunja kwa vidole, ikikatika kwa mlio iko tayari, ikipinda irudi juani. Ameeleza mchumaji anavyolivuta tawi la mbali bila kulivunja, na nani hupandishwa juu kabisa, na wanawake huzungumza nini usiku wakichambua. Hilo la mwisho lilinitoa machozi, kwani mazungumzo yale ni ya mama yetu, neno kwa neno.

Sasa tafuta habari za karafuu zilizokwisha kuandikwa. Utakuta masultani, utakuta bei, utakuta kimbunga cha 1872 kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja hata Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu. Yote kweli. Ila aliyeupanda mkarafuu na kuuchuma humuoni, na ukimuona ni ndani ya hesabu ya vibarua. Mjombaako ameparamia miti ile tangu mtoto. Anataka safari hii asikike yeye.

Si wa kwanza. Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni na kuondoka Unguja 1866, alifiwa na mumewe Ujerumani akabaki na watoto wadogo. Alianza kuandika kwa ajili yao, akidhani hatoishi hadi wakue awaeleze kwao ni wapi. Kukichapisha hakukusudia, ni marafiki waliomshikilia, kikatoka 1886. Lakini alipoamua, alisema na Wazungu waziwazi kwamba wanayoyaamini juu ya wanawake wa kwetu sivyo yalivyo. Mengine ndani ya kitabu kile siyakubali hata kidogo, hasa anavyoutetea utumwa. Hata hivyo ni yeye anayesema, kwa hiyo naweza kubishana naye. Na Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi 2021, ameeleza mwenyewe kuwa kuandika kulimjia akiwa kijana Uingereza, kwa unyonge wa kuwa mbali na kwao, na baadaye kwa kuona ya kwao yanasimuliwa na wengine yakipunguzwa.

Utaniambia: basi aandike, daftari likae sandukuni, kulichapisha kwa nini? Nakujibu kwa Kamange na Sarahani. Hawa walijibizana kwa mashairi hapa hapa Pemba, na watu wakayabeba vifuani na kwenye vikaratasi vya majumbani. Kitabu cha kuwakusanya wote wawili kilitoka 2011, wenyewe wameshazikwa zamani. Waliokikusanya wamefanya kazi kubwa, Mungu awalipe. Lakini bibi yako alikuwa na beti akizighani jikoni, akisema za Sarahani, na kitabuni sijaziona. Kafa nazo. Na daftari, mwanangu, lina mchwa, tena limo chini ya hilo hilo paa linalokukera.

Ulisema pia mjombaako umri umeshampita wa kuanza kutoa vitabu; hapo sikubaliani nawe kabisa. Haji Gora Haji, mshairi wa kisiwa cha Tumbatu, alikuwa mvuvi, kasoma chuo cha Kurani tu, na diwani yake ya *Kimbunga* ilitoka 1994, miaka sitini imeshampita. Leo anasomwa vyuo vikuu na watu ambao Tumbatu hawajapata kuitia machoni.

Mabati tutayapata in shaa Allah. Nimeshasema na kakaako, nusu yake nusu yangu. Wewe nakutaka kwa kazi nyingine. Wapiga chapa wamerudisha kurasa za kusahihishwa, na makosa ni mengi; pahala pamoja "makonyo" yamekuwa "makoyo". Macho ya mjombaako herufi ndogo hayazioni tena, nami nimemwambia utazisoma wewe. Atakutumia kwa simu Jumatatu. Ukikuta neno la Kipemba usilolijua, usilibadilishe ukatia la Dar. Mpigie kwanza umuulize.

Nisalimie mkeo, na wajukuu wabusu.

Mamaako,
Wete, Pemba