Chupa iliyo juu ya kabati: kwa mnaoanza kujitolea kwenye tiba shufaa

Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, na kuwashika mkono wanaomuuguza. Niwatoe hofu mapema: hakuna atakayekutuma kuchoma sindano. Dawa ni za daktari na muuguzi. Sisi wa kujitolea tunafika nyumbani, tunakaa, tunaangalia, kisha tunapeleka taarifa.

Mimi nilianza vibaya. Mzee wangu wa kwanza alikuwa Kibosho, huko mlimani Kilimanjaro, saratani ya koo la chakula. Nikamwamkia, nikavuta kigoda, nikasema, "Babu, utapona tu, Mungu ni mwema." Akageukia dirishani, akatazama migomba. "Na wewe mjukuu wangu umepanda daladala mpaka huku kuja kunidanganya?" Tangu siku ile nikiingia nauliza tu ameamkaje, halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa kwa sie tuliozoea kuombea watu kwa sauti.

Lakini ukisahau yote, usisahau kuangalia chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali. Ile ya maji hunywewa kila baada ya saa nne: kwa kawaida saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili mgonjwa alale na anayemuuguza naye alale. Haingojewi mpaka mtu aanze kulia. Kwa babu niliikuta juu ya kabati, wiki nzima imepungua kidole kimoja. Mkwe wake akanivutia jikoni, akanong'ona: "Wanasema ukishaanza hiyo, ndiyo safari." Sikubishana naye. Nilimpigia muuguzi, kesho yake akapanda, akakaa na mama yule kwenye mafiga akamwelewesha taratibu. Juma lililofuata nilimkuta babu barazani anafoka kwamba mkungu umekatwa kabla haujakomaa.

Na uliza habari za choo, aibu iweke pembeni. Mofini hufunga choo, na mgonjwa ambaye tumbo limekaza ataacha dawa kimyakimya bila kumwambia mtu.

Siku za mwisho utakuta ndugu wanamlazimisha uji. Hawana ubaya, kwetu kulisha ndiyo kupenda. Wape kazi nyingine ya mikono: walowanishe kitambaa safi wampanguse midomo, wamgeuze ubavu kila baada ya saa mbili, wampake mafuta miguuni.

Pesa utaombwa. Usiahidi chochote papo hapo, hata nauli; rudi ukaseme kwa wenzako.

Msibani nenda, lakini ziara yenye maana ni ile ya baada ya turubai kushushwa, ndugu wa Dar wakishaondoka. Nilirudi Kibosho wiki tatu baada ya mazishi. Yule mkwe alinimiminia chai, tukaongea habari za kahawa na mvua. Nilipoaga akanisindikiza hadi barabarani, ndipo akasema: "Ikifika saa 4 usiku bado naamka kutafuta kijiko."